Kadi ya Presha ya Cheche

Kanisa la mtaani lilikuwa na Kamati ya Afya na Ujumuishi. Mwenyekiti wake, mstaafu wa posta, alipenda vikao kiasi kwamba waumini walimpachika jina la Mzee Ajenda. Mkalimani wa lugha ya alama alikuwa mmoja tu, mwalimu wa hesabu ambaye mdogo wake wa kiume alipoteza usikivu kwa homa ya utotoni. Huyo mdogo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karibu kila mtu alimwita Cheche.

Kwa miaka miwili Mwalimu alisimama kila Jumapili mbele ya viziwi saba, na ndani ya miaka hiyo alihamishwa mara tatu. Kwanza alikuwa anaiziba kwaya. Kisha mikono yake ikawa inawachanganya waumini. Mwisho wakamsogeza karibu na nguzo, mahali ambapo wawili kati ya wale saba hawakumwona kabisa. Alipolalamika aliambiwa suala lake limepokelewa.

Jumapili ya Afya ilipofika, nesi wa kamati aliweka meza ukumbini akawa anapima watu presha. Mwalimu alikuwa bado ndani, akitafsiri matangazo yasiyokwisha, kwa hiyo Cheche alipanga foleni peke yake. Nesi alimfunga mashine mkononi, akaangalia namba, akakunja uso. Aliandika kwenye kadi, akampigapiga begani, kisha akamwonyesha dole gumba. Kadi ikaingia kwenye bahasha, na bahasha ikafungiwa kabatini ofisini.

Cheche alitoka pale roho kwatu. Dole gumba analielewa kila mtu.

Siku ya tisa alianguka karakana, mkono wa kulia umelegea na mdomo umekwenda upande. Hospitali daktari alisema ni kiharusi chepesi, akauliza kama mgonjwa amewahi kupimwa presha. Cheche alimjibu Mwalimu, dada yake, kwa mkono uliobaki mzima: kanisani, juzi tu, wakasema niko sawa.

Mwalimu alitoka hospitali moja kwa moja hadi ofisi ya kanisa. Karani alisema kadi zipo, ila hatoi kitu bila idhini. Mzee Ajenda alipofika alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hizi ni siri za wagonjwa, Mwalimu. Hatuwezi kumpa mtu yeyote tu."

"Basi mpe mwenyewe akiruhusiwa kutoka hospitali."

"Yeye tutaelewana naye vipi?"

Mwalimu alishusha pumzi. Darasani kwake swali la namna hiyo lingerudishwa kwa aliyeuliza. "Kwa hiyo, mzee wangu, siri ya mgonjwa mmemficha mgonjwa."

"Usilichukulie hivyo, binti yangu. Tutalijadili Alhamisi."

Cheche aliruhusiwa Jumatano. Dada yake alimwambia alale, akakataa katakata, na Alhamisi wakaingia pamoja kikaoni, yeye akitembelea fimbo. Mzee Ajenda alimgeukia Mwalimu.

"Mwambie tunampa pole sana."

"Mwambie wewe. Si huyo hapo mbele yako? Mimi nitatafsiri."

"Sawa. Sasa mwambie kwamba kamati—"

"Mzee."

Mzee alikohoa. Akamtazama Cheche usoni, pengine kwa mara ya kwanza, akampa pole. Cheche alijibu polepole kwa mkono mmoja, na dada yake akamtolea sauti.

"Pole nimeipokea. Nataka kadi yangu. Na nataka kujua kwa nini nilionyeshwa dole gumba."

Wajumbe walitazamana. Nesi ndiye aliyesimama.

"Ni mimi. Namba ilikuwa mia na tisini na tano kwa mia na kumi na tano. Sikujua nikueleze vipi, nikaogopa kukutisha. Nilisema nitamtafuta dada yako. Watu wakawa wengi, nikasahau."

Mjumbe mmoja alipendekeza iundwe kamati ndogo ya kuchunguza. Mwalimu alimtafsiria ndugu yake neno kwa neno, bila kupunguza, na Cheche akaanza kucheka kwa ule mdomo uliopinda. Mwalimu naye alicheka, ila yeye machozi yalimtoka, na hakuwa na hakika yalikuwa ya kitu gani. Alikuwa amechoka.

Nesi hakungoja kamati ndogo. Alimfuata karani, akarudi na bahasha, akaiweka kadi kwenye kiganja cha kushoto cha Cheche. Halafu akamuuliza yeye, si dada yake, alama ya "hatari" inafanywaje. Cheche alimwonyesha. Nesi akakosea, akaonyeshwa tena.

Toka siku hiyo kila aliyepimwa aliondoka na kadi yake mkononi. Hilo lilipita bila mjadala. Suala la nguzo lingali linajadiliwa. Mkono wa Cheche umepata nafuu kiasi: vyuma vizito anachomelea mwenzake, yeye anapima na kuchora. Kila Jumanne jioni nesi na karani hufika karakana Cheche awafundishe alama, na hana huruma nao hata kidogo.

Mwezi wa tano wa masomo hayo nesi alitafsiri matangazo peke yake. Alikosea tarehe ya harusi na jina la bwana harusi, viziwi wakamsahihisha kwa furaha kubwa. Mwalimu siku hiyo alikaa kwenye benchi kama muumini wa kawaida. Mahubiri yalipoanza alikuwa ameshasinzia, na Cheche akamwacha alale.