Upande Unaotazama Nyumba Yako

Mkwinini wa mama mkwe wangu, Atyang, umesimama pale maboma matatu yanapokutana, hapa Adungosi: langu, la shemeji Echodu na la shemeji Emuron. Aliupanda mwenyewe mwaka alioolewa. Gome lake ni chungu hadi masikio yanavuma. Siku hizi homa tunaipeleka zahanati, lakini bado watu huja kuomba kipande cha kurudisha hamu ya kula.

Alituwekea sharti moja: chuna upande unaotazama nyumba yako, na usiuzunguke mti. Kinachozungukwa ni kaburi. Sharti hilo tulilishika kuliko amri kumi.

Januari alikuja Collins, mchuuzi wa Malaba mwenye mdomo mtamu.

"Mama, hoteli za Kampala zinataka hii kitu. Wanaweka tone moja tu kwa pombe, inakuwa ya matajiri."

"Hii uchungu yote?"

"Hiyo hiyo uchungu."

Nilicheka. Watoto wetu tuliwabana pua ndipo wameze, kumbe kuna watu wanaiagiza. Nikachuna upande wangu kutoka kifuani hadi chini, nikapaka kidonda mavi ya ng'ombe, nikarudi nyumbani bila kuchungulia kwingine, kama nilivyofundishwa.

Collins hakusema kwamba alikuwa ametoka kwa Echodu. Kesho yake alikwenda kwa Emuron, na huko pia hakusema. Nasi hatukuulizana, maana kila mmoja alijua ametii.

Jumamosi mbuzi wangu alikata kamba, nikamkimbiza. Nilikuwa nimeshauzunguka mti kabla sijakumbuka sharti. Upande wa Echodu ulikuwa mtupu. Wa Emuron mtupu. Vidonda vitatu vilikuwa vimeungana kama mshipi. Nikamwacha mbuzi, nikakimbia kuwaita mashemeji.

Tulipaka matope, tukafunga magunia. Echodu alimpigia Collins, ambaye alisema gome lilishasagwa. Afisa wa kilimo alikuja akagongagonga shina kwa kidole.

"Maji bado inapanda, lakini chakula haishuki kwa mizizi. Itakaa kijani miezi kadhaa, halafu basi."

Nilimwuliza tufanye nini. Akavaa helmeti yake.

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nikakosa, na hilo liliniuma kuliko yote.

Mama Atyang hatembei tena, analala kwangu. Akiwa kitandani anaona matawi tu kupitia dirishani. Sisi watu wazima watatu tumeshindwa kumwambia. Kisha Machi mti ukachanua kuliko miaka yote, kila tawi, harufu ikajaa nyumba nzima. Nikampigia afisa kwa furaha ya kijinga. Akanijibu polepole kwamba mti unaokufa mara nyingi hufanya hivyo.

Niliporudi ndani na uji, Mama alikuwa amegeukia dirisha.

"Apeduno, umeona? Mimi nilikuwa naogopa nikilala hapa mtaumaliza. Kumbe mnajua kutunza."

"Tumeona, Mama," nikasema, nikamshika kichwa anywe.