Kabati la Nje ya Ukuta

...na kwani njia ya watu maana yake nini, Bi Kheiria anajiuliza, kalamu mkononi na karatasi ya baladia, ya manispaa, mbele yake, juu ya kibao cha plastiki ambacho kijana wa ukaguzi amekishika kwa mikono miwili kama anayemkaribisha mgeni kwa sinia, njia ya watu, sawa, na hawa wanaokuja kuchukua mkate hapa si watu?, "...hapa chini tu, khala, jina na saini," kijana anasema, ameshasema mara mbili, khala anamwita, kama mtoto wa dada yake, jina lake Shihab, limeandikwa kwenye kitambulisho kinachomning'inia kifuani, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono umesimama, na hana ubaya, hilo ndilo linalomkera zaidi, angekuwa na kiburi angemrudishia kiburi, lakini kijana ameamkia vizuri, kahawa ameikataa kwa adabu kwa kuwa yuko kazini, na Bi Kheiria alipojisemea "ala!" kwa hasira, kijana akacheka akabadilisha lugha kutoka Kiarabu, kumbe bibi yake kazaliwa Wete, Kiswahili chake kimepinda kidogo lakini kinakwenda, "mimi nimetumwa tu, khala, kabati liko nje ya mpaka wa kiwanja chako, limekula nusu ya njia, una siku tatu, baada ya hapo gari litakuja kulibeba"... siku tatu, na kabati lina mwaka na ushei limeegemea ukuta huu, fundi alilitengeneza kwa mbao nzuri, milango miwili, juu kioo na vitabu, chini chakula, mikate ya khubzi, tende, maji, makopo ya maharage, ndizi zikipatikana kwa bei nzuri soko la Mawaleh, na hakuna aliyewahi kuvunja hata kitasa, mtaa mzima wa Khuwair ya Kusini unalijua, imamu alilitaja msikitini bila ya kumtaja jina, na kila mtu akajua ni nani, na yeye akainamisha kichwa kama mtu mwema anavyoinamisha... "Nani kalalamika?" anauliza, na sauti inatoka kali kuliko alivyotaka, "Hilo siwezi kukwambia, khala, wallahi hatuambiwi hata sisi, inakuja namba tu na maneno," "Maneno gani?" na Shihab anageuza ukurasa, anasoma kwa Kiarabu halafu anatafsiri polepole, kidole juu ya mstari, "njia imezibwa, kiti cha mgonjwa hakipiti"... Balqees, basi ni Balqees, nani mwingine mtaa huu ana kiti cha mgonjwa, Balqees wa nyumba ya tatu, aliyekula futari kwangu, aliyechukua sufuria yangu kubwa siku ya harusi ya mwanawe akairudisha imejaa halua, ameshindwa kuvuka hatua ishirini akagonga akasema Kheiria kabati lako linanitaabisha, akaona bora aipigie simu serikali, haya, tutaonana, na anajiona tayari akimpita bila ya salamu, na anaona raha ya hasira ikimpanda kifuani, raha ya kweli, kama mtu aliyepata pa kukalia... ila picha haikai, maana badala ya Balqees wa halua anamwona Balqees wa asubuhi, anamsukuma mumewe Alaa kwenye kiti cha magurudumu, mzee kapooza upande mmoja tangu mwaka juzi, wanakwenda kunyoshwa viungo, wanafika kwenye kabati, wanasimama, Balqees anashuka kwanza yeye barabarani, anageuka, anakishusha kiti kwa nyuma, gurudumu moja, halafu la pili, mzee anashikilia paja lake kwa mkono mzima, gari linapiga honi, Balqees anainua kiganja kuomba radhi, ndiyo, yeye ndiye anayeomba radhi, halafu anakisukuma juani na kukipandisha tena mbele, na haya yote Bi Kheiria ameyaona, hakuhadithiwa, ameyaona kwa macho yake kutoka dirishani, nyuma ya pazia, mara ngapi, mara kumi?, mara thelathini?, na kila mara alijisemea watazoea, akarudi kwenye chai yake, kwa hivyo asiseme hakuambiwa, aliambiwa kila asubuhi, na wala si lazima Balqees ndiye aliyepiga simu, huenda ni mwanawe, huenda ni dereva aliyepiga honi, lakini hata akiwa ni yeye... "Khala, umechoka, ukae?" "Sijachoka," "Jua hili," "Nimezaliwa juani mwanangu," anamjibu, na kijana anacheka, anahamisha uzito mguu huu hadi mguu ule, anatazama saa kwa kificho, saa nne na dakika ishirini, Alhamisi, na bila shaka ana makabati mengine ya kwenda kuyapima, vibaraza, mabanda ya magari, miti iliyotoka nje ya kuta, na yeye kamweka hapa kwa sababu ya saini moja, atie basi, marehemu mumewe Nassor angetia, Nassor alifanya kazi forodhani Bandari ya Sultan Qaboos miaka ishirini na saba na hakuna karatasi aliyoiogopa, vitabu vilivyomo humu juu vingi ni vyake, alikuwa kila akienda Unguja anarudi na sanduku la vitabu na watu wanamcheka, wenzake wanaleta karafuu... "Lakini khala," Shihab anasema, na sasa anashusha kibao, anaongea kama mtu, si kama karatasi, "mbona jambo lenyewe jepesi? Liingize ndani. Ndani ya ukuta ni kwako, hatuna neno na wewe. Liweke pale penye kivuli, lango liache wazi, watu waingie wachukue watoke. Bibi yangu lango lake halifungwi mpaka Isha." "Haiwezekani," anajibu, upesi mno, kijana hata hajamaliza, "Kwa nini haiwezekani?" na Bi Kheiria anageuka kuutazama ua nyuma ya lango, kwa nini, kwa nini haiwezekani, kivuli kipo, nafasi ipo, ua mzima umelala mtupu tangu Nassor afariki, kwa sababu wataingia, kwa sababu watanikuta nimekaa, wataniamkia na itabidi niitikie, na yeye ataingia, ataniamkia, ataisikia sauti yangu... asifike huko, asifike, anaitazama karatasi, herufi zinacheza, lakini kengele imeshalia kichwani mwake, kengele ya lango, Juni ya mwaka jana, saa saba mchana, siku ambayo hata paka walikuwa chini ya magari, alikuwa amejinyosha sebuleni na baridi ya kiyoyozi, akainuka, akabonyeza ile simu ya ukutani inayozungumza na langoni, na sauti ya mwanamke ikaingia nyumbani, "Hodi mama, shikamoo mama, samahani kwa usumbufu, mimi ni Mtanzania, nimeambiwa hapa kuna mama anaongea Kiswahili, nimetoka nyumba niliyokuwa nafanya kazi, sina pa kwenda leo, naomba maji tu mama, na kama kuna kazi hata ya siku moja," hivyo hivyo, Kiswahili cha bara, kila neno limetulia mahali pake, shikamoo ya mtu aliyelelewa, na yeye Kheiria binti wa Malindi ya Unguja, anayeota kwa Kiswahili, aliyewasomea watoto wake wote kwa Kiswahili ili wasikipoteze, akawaza polisi, akawaza yule jirani wa zamani aliyetozwa faini kwa kumweka mtu aliyetoroka kazini, akawaza na yuko peke yake nyumbani, na akajibu kwa Kiarabu, Kiarabu kikavu, kama hajapata kukisikia Kiswahili maishani mwake, hapa hakuna mtu, nenda, na kule nje zikapita pumzi mbili tatu, halafu ile sauti ikasema "asante mama"... asante ya nini, mwaka na ushei anaitafuta ni asante ya nini... angeweza kumpa maji, maji hayana polisi, chupa moja juu ya ukuta, hata uso asiuone, na siku ya pili yake Balqees akamhadithia, kuna mwanamke wa Kiafrika kaanguka jana kituo cha basi, jua limempiga, gari la wagonjwa limekuja kumchukua, na yeye akauliza kafa?, na Balqees akasema sijui, na hakuuliza tena, hakwenda hospitali, alihesabu siku, siku kumi na mbili hakula akashiba, ya kumi na tatu akamwita fundi, nje, akamwambia, liweke nje, kwa nini nje, bibi, fundi aliuliza, na alimjibu nini?, alimjibu ili watu wasione haya kuchukua, jibu zuri, hata fundi alilisifu, na watu wamelirudia tangu hapo, Bi Kheiria hataki watu waone haya... haya ya nani, Kheiria?, "...au nikuandikie barua ya kuomba kibali, khala? Itachukua miezi, sikufichi, na kwa njia nyembamba hii sidhani kama watakubali," "Ngoja, mwanangu," anasema, "ngoja kidogo," maana angekuwa amekufa ingekuwa dhambi moja, imekwisha, ya kulilia, lakini hakufa, Machi mwaka huu kitabu kimoja cha Nassor, chenye jalada la kijani, kilirudi kabatini na kikaratasi ndani yake, mwandiko wa shule, wima, Asante mwenye kabati, nilikuwa nimesahau raha ya kusoma lugha yangu, mwaka jana nilianguka juani mtaa huu huu na leo mtaa huu unanipa mkate na kitabu, sasa nimepata kazi, nasafisha kliniki ya meno, Mungu akubariki, mimi Eufrasia, na tangu hapo ana jina, na sura pia, maana Bi Kheiria alianza kuchungulia, anakuja Alhamisi wakati wa mapumziko yake, sare ya samawati, mrefu kuliko ilivyokuwa sauti yake, hachukui chakula tena, anarudisha kitabu, anachagua kingine, anasimama anasoma ukurasa wa kwanza midomo ikimchezacheza, mara anatabasamu, na mara moja alileta mwenyewe paketi mbili za sukari akaziweka chini kwa wengine, na Bi Kheiria akiwa hatua sita kutoka kwake, nyuma ya pazia, ameshika ukingo wa kitambaa kama mwizi, katika nyumba yake mwenyewe, mara ngapi aliazimia Alhamisi ijayo nitatoka, na Alhamisi ijayo ikawa na mafua, ikawa na simu, ikawa na joto, na ukweli ni kwamba kabati limemfaa yeye kuliko yeyote, limempa kutoa bila ya kutazamwa usoni, na leo analipigania kwa sheria na mpaka na sentimita, anamchukia Balqees kwa ajili yake, kumbe hakuna kilicholisimamisha njiani kumzuia mzee Alaa ila hofu yake ya shikamoo moja... "Khala?" kijana anasema, na kwa sauti nyingine, "khala, unalia?" "Vumbi," anamwambia, na anageuza uso upande wa barabara asionekane, na pale kwenye pembe, penye duka la mshoni, anaiona sare ya samawati, kitabu kwapani, anakuja kwa hatua za mtu mwenye dakika chache, halafu hatua zinakatika, ameliona gari la baladia, ameiona alama mlangoni, na mwanamume wa kibao na karatasi, na mabega yake yanafanya kitu ambacho Bi Kheiria hajapata kukiona kutoka dirishani, yanashuka, yanajikunja ndani, mtu mrefu anakuwa mfupi, na anageuka, taratibu, bila ya kukimbia, kama mtu aliyezoea kuondoka mahali kabla ya kuulizwa, anaondoka tena, atakwenda, na baada ya siku tatu kabati halitakuwapo na hatakuwa na sababu ya kurudi, na itakuwa imekwisha, salama, hakuna atakayejua, hiyo ndiyo njia nyepesi, iko wazi mbele yake, nyamaza tu, tia saini tu, na anashangaa kusikia sauti, kubwa, sauti ya kuitia mtu sokoni, na ni yake, "Eufrasia! We Eufrasia! Njoo, mwanangu, usiogope, huyu ni mtoto wetu, njoo!" na yule mwanamke anasimama, mgongo umewaelekea, hageuki, huenda anashangaa nani analijua jina lake, huenda anaipima sauti, pumzi mbili, tatu, ndefu kama zile za Juni, halafu anageuka, anakuja, polepole, kitabu sasa amekikumbatia kifuani, na kila hatua Bi Kheiria anatamani iwe ya mwisho na anatamani isifike, mpaka amesimama mbele yao, karibu hivi ana kovu dogo juu ya nyusi, pengine la siku ile, pengine si la siku ile, ataliuliza, atakuwa na haki ya kuliuliza akisharuhusiwa, "Shikamoo mama," anasema, na macho yake yanakwenda kwenye lango, kwenye simu ya langoni, yanarudi kwenye mdomo wa Bi Kheiria na kubaki hapo, hayaondoki, "Marahaba, mwanangu," anaitikia, na Kiswahili kinamtetemeka mdomoni kama kitu alichokiazima, na Shihab, maskini, kibao bado amekishika, anamtazama huyu, anamtazama yule, "Khala, basi saini...?" na Bi Kheiria anamrudishia kalamu, hajaandika hata herufi, "Nitatia, na kabati litaingia ndani leo hii, lakini ngoja kwanza," anamwambia, bila ya kumtazama, "nna neno na huyu."