Nyumba Aliyopewa Kamanthe

Alasiri moja ya mwaka 1998, Ndila alikuwa ameketi nyumbani kwake Katelembo, mbele yake sinia la ndengu na gazeti la juzi lililofunguliwa kwenye matangazo ya vifo. Ndengu zilikuwa za chakula cha jioni. Matangazo yalikuwa ya kutafutia jina. Riwaya yake ya kwanza ilihitaji mwanamke tajiri mwenye nyumba ya ghorofa, na mwalimu wa shule ya msingi hana matajiri wengi wa kuwaazima majina, ila hao wanaoagwa kwa picha kubwa na wajukuu walioko ng'ambo.

Alijaribu majina kadhaa. Yote yalimkaa yule mwanamke kama koti la kuazima. Basi akampa jina la mama yake, Kamanthe.

Haukuwa mzaha. Kwa Wakamba, binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Ndila alijaliwa binti mmoja tu, Mutindi, kwa hiyo zamu ya Kamanthe haikufika. Bibi huyo alifua na kupika katika nyumba ya watu maisha yake yote, akafa bila mjukuu wa kubeba jina lake, na jambo hilo lilimuuma Ndila kuliko msiba wenyewe.

Jioni hiyo Kamanthe alikuja kushukuru. Alikuwa amezikwa Ndithini miaka mingi iliyopita, lakini alifika kwa gari jeupe, na dereva wake akabaki langoni akila mahindi ya kuchemsha aliyopelekewa na Mutindi. Ngui, mume wa Ndila, alimwamkua mama mkwe kwa mbali, kama heshima inavyotaka, kisha akaenda kuangalia ng'ombe.

"Ni muvea, mwiitu wakwa," Kamanthe alimshukuru bintiye kwa Kikamba. "Nyumba ni nzuri. Lakini iko na ngazi mingi sana, na wewe unajua magoti yangu."

"Nitazitoa, mwaitu," Ndila alimjibu mama yake.

Akazitoa kwenye mswada kabla chai haijapoa. Kamanthe alinyoosha miguu, akasinzia kitini kwa utulivu wa mtu asiyengojwa na kazi yoyote. Ndila hakuwahi kumwona amelala mchana hata siku moja. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akaendelea na ndengu zake.

Tangu hapo alikuja kila jioni. Alinenepa. Alijifunza kurudisha chai iliyopoa, akawa anacheka mwenyewe kila anapoirudisha.

Mswada ulipokamilika, mhariri aitwaye Gatimu alitoka Nairobi, wakakutana katika hoteli moja mjini Machakos.

"Mwalimu, hadithi ni tamu," alisema. "Shida ni jina. Hakuna mtu ataamini tajiri anaitwa Kamanthe. Huyo atakuwa Victoria. Kamanthe tumpee yule mfanyakazi wa nyumba."

"Yule sikumpa jina."

"Ndio nasema. Hilo linamtosha."

"Ni jina la mama yangu."

"Pole," Gatimu alisema, na alimaanisha. "Wangu aliitwa Wagaki. Hata yeye singemweka. Tubadilishe, ama urudi na karatasi zako."

Ndila alirudi nazo. Jioni alimweleza mama yake kwamba kitabu hakitatoka, na kwamba nyumba ni yake hata kama haisomwi na mtu.

"Na nitakuwa naishi wapi?" Kamanthe aliuliza.

"Hapa kwa meza yangu, mwaitu."

"Na siku wewe utakufa?"

Kamanthe alimalizia chai yake na kukisuuza kikombe mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

"Waache waniandike," alisema. "Hiyo kazi naijua."

Kitabu kilichapishwa mwaka uliofuata. Victoria akakaa sebuleni, Kamanthe akahamia jikoni. Wasomaji walikipenda, na hakuna aliyeona kasoro yoyote katika majina.

Jioni zikawa tupu, kwa kuwa jioni watu wa nyumba ile hula. Kisha Jumapili moja alasiri, Kamanthe akafika kwa miguu, mikono ikinuka sabuni. Ndila alianza kuomba msamaha hata kabla hajamkaribisha.

"Nyamaza," mama yake alimwambia. "Si wewe uliandika Jumapili nipumzike?"

"Niliandika."

"Kwa wale watu wangu niliowafulia sikuwahi kupata Jumapili. Hata moja. Ni muvea, Ndila."

Walikunywa chai, wakamsema Gatimu kidogo, wakacheka. Ndila alifurahi kuwa naye kiasi cha kusahau kuuliza atarudi lini. Jua likiwa bado juu, Kamanthe aliinuka na kufunga leso yake vizuri. Victoria alikuwa na wageni, na wageni wa Victoria hula mapema.