Tembo wa Namoi na Hirizi ya Bibi

Bibi Bunruam alikuwa hataki hata kumwona yule tembo wa kwenye simu. Wiki nzima, nyumbani kwao mjini Ubon, mjukuu wake Namoi alikuwa kalala chali sakafuni na simu ya mama yake, akicheza mchezo waliopewa hospitali. Katembo kanavua hereni, kanaingia pangoni, pango linagonga ta-ta-ta kama mafundi wa mabati, na mtoto anatakiwa atulie nako tuli. Akitikisika, wanaanza upya.

"Mtoto kaanguka na baiskeli, kichwa kinamuuma, ninyi mnampa katuni!" Bibi alifoka.

"Mama, anajizoeza. Akitulia hivi kwenye mashine ya picha ya kichwa, hadungwi sindano ya usingizi," alijibu binti yake, Wilaiwan. "Au umesahau mwaka juzi?"

Asahau! Mwaka juzi, Namoi alipopasuliwa ngiri, sindano hiyo ilimkata pumzi, madaktari wakahangaika naye weee. Wenyewe walisema aliokolewa na oksijeni. Bibi alijua ni hirizi aliyoificha chini ya mto: kijibati cha shaba kilichoandikwa na mtawa wa hekalu lao, kikakunjwa kama sigara.

Kwa hiyo siku ya kwenda kupiga picha, alipokwisha kumfunga Namoi uzi mweupe wa pamba mkononi ili roho yake isipotee njiani, alichukua shati la mtoto na kuishonea hirizi ndani ya pindo. Hakumwambia mtu. Nani angemsikiliza?

Mlangoni kwenye chumba cha mashine, nesi aliuliza, "Mtoto ana chuma chochote?"

"Hana," alisema Wilaiwan. Bibi akatazama dari.

Lakini Namoi alikwisha simama kama tembo wake, anajipapasa: masikio, shingo, mifuko, pindo. Mkono ukakwama.

"Hapa kuna kitu kigumu. Tembo hapiti."

Wilaiwan aligeuka polepole. "Mama!"

"Nini?"

"Mama, jamani!"

Nesi hakugomba. Alisema tu kwamba chuma kingeharibu picha, na pengine kumuunguza mtoto. Bibi akaishika hirizi ndani ya pindo. Kumbe angemuunguza mwenyewe! Na bado mkono ulikataa kuitoa.

"Sasa aingie hivi hivi, bila kinga?" alisema, machozi yakimlengalenga. "Ndiyo iliyomrudisha mwaka juzi!"

"Si hivi hivi, Bibi," alisema Namoi, akiinua mkono wenye uzi. "Uzi si chuma, unapita. Hirizi nishikie wewe. Ila usitikisike! Ukitikisika, naanza upya."

Bibi akaukata ule mshono kwa meno machache aliyobaki nayo. Mlango ukafungwa.

Ta-ta-ta, ta-ta-ta. Bibi alikaa kwenye benchi, hirizi kwenye ngumi. Nzi akamtua puani, Bibi hakumfukuza. Wilaiwan akamsemesha, hakugeuza hata shingo. Ile kelele ilipozidi, alifumba macho tu, akaomba mtoto asilie.

Nesi alitoka anacheka. "Picha safi kabisa. Hakutikisika hata kidogo. Sindano ya nini tena?"

Daktari naye alizitazama zile picha, akasema kichwani hakuna jeraha, ni uvimbe wa nje tu, utaisha. Wilaiwan aliziba mdomo kwa viganja, akalia kwa furaha. Bibi alitaka kuinuka amkumbatie mjukuu wake, miguu ikagoma.

"Mama, vipi?"

"Magoti yameganda. Niinueni, mnanitazama nini?"

"Bibi naye kashinda!" Namoi alipiga makofi.

"Nimeshinda na njaa," alisema Bibi, akijifuta macho.

Nje walinunua kuku wa kuchoma na wali wa kunata. Walipokwisha kula, Bibi akanyoosha mkono.

"Hebu nipe hiyo simu."

"Unataka kucheza?" Wilaiwan alimtania. "Si ulisema katuni?"

Bibi akaipokea simu. Alitoa mfukoni kipande cha uzi mweupe kilichobaki, akakizungusha kwenye simu na kukifunga vizuri.

"Huyo tembo naye kaingia pangoni wiki nzima," alisema. "Roho yake isije ikapotea."