Pedali Chini ya Kikwembe

Umekwisha kumwona mtu anayepandisha sauti yake kwa nguvu, mishipa ya shingo imesimama, ili mashini imrudishie sauti ileile aliyozaliwa nayo? Basi kaa vizuri, usikie habari za Domitille.

Domitille alikuwa akiuza unga wa mahindi katika soko la mtaa wa Kenya, na jioni za mazoezi alikuwa akiimba katika kwaya ya parokia. Aliimba alto. Au tuseme vizuri: alisimama na waimbaji wa alto. Sauti yake ilikaa chini kabisa, nene, tangu utoto. Siku moja darasani alifungua kinywa kuimba, wenzake wakageuka kutafuta ni baba gani aliyeingia. Wakampa jina la Kamyo, yaani lori. Jioni mama yake, mwiko mkononi, akikoroga bukari, ugali wetu, akamwambia: mwanamke anaimba juu. Tangu hapo akajifunza kuimba nusu, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa mpaka mdomo na anaogopa kumwaga.

Alichotamani kilikuwa kidogo: kusimama mstari wa nyuma, pamoja na wanaume wa besi, na kuimba kwa sauti yake nzima. Hakumwambia mtu.

Besi wa kweli katika kwaya ile alikuwa mmoja tu, baba Kataliko. Huyo akahamia Kasenga kufuata biashara ya samaki, na wimbo wa arusi ukabaki hauna chini. Na arusi yenyewe ilikuwa karibu: ya Gaëlle, mtoto wa dada yake papa Clovis, aliyekuwa kiongozi wa kwaya.

"Hakuna shida," Clovis akasema kwenye zoezi. "Doudou iko na pedali."

Doudou, mpiga gitaa, akaitoa katika mfuko wake: kisanduku cha chuma, rangi ya buluu iliyochubuka kwenye pembe, chenye taa ndogo nyekundu. Waya wa mikro unaingia huku, waya wa spika unatoka kule. Ukiikanyaga, taa inawaka, na sauti ya mtu inatoka imeshuka. Wakaijaribu kwa mama mmoja wa soprano, mwembamba kama ufagio. Ikatoka sauti ya babu aliyeshiba. Watu wakacheka wakashika mbavu.

"Mama Domitille," Clovis akasema, "weye njo mwenye kujua sauti zote. Utaimba besi mu pedali."

Roho ya Domitille ikaruka. Akashika mikro, akaimba besi pale inapokaa, chini, bila haya. Lakini pedali ikaishusha tena, na spika ikatoa mngurumo usio na maneno.

"Eh! Ng'ombe mu pipa!" Doudou akapiga kelele.

"Yulu, mama, yulu!" Clovis akaonyesha juu kwa kidole. "Uimbe yulu, mashini njo itashusha."

Basi akapandisha. Kila zoezi alirudi nyumbani koo linawaka, akachemsha maji na tangawizi, akakaa kwenye kiti chake kifupi akiwaza: napanda mlima mzima ili kitu kinishushe mpaka mlangoni pangu. Angeweza kusema. Lakini pedali ilikuwa imempa ruhusa ya kuitwa besi, akaogopa kupoteza hata hiyo.

Siku ya arusi, hema lilisimamishwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, kwaya ikakaa pembeni mwa njia atakayopita bibi arusi. Gitaa likaanza. Mashangazi wakatangulia mbele ya bibi arusi wakitandika vikwembe, vile vitenge vya kujifunga, asikanyage udongo. Shangazi Mbuyi, kwa furaha nyingi, akatandika chake, chenye maua ya manjano, mpaka juu ya viatu vya Doudou. Waya, pedali, taa, vyote vikafunikwa.

Na kikwembe kilichotandikwa kwa ajili ya bibi arusi, nani atakiondoa kabla hajapita? Doudou akakanyaga hapa, akakanyaga pale, vidole vinaendelea na gitaa, mguu unatafuta kama mtu anayezima moto wa majani. Zamu ya besi ikakaribia. Akamtazama Domitille, akatikisa kichwa: hakuna.

Domitille alibaki na pumzi moja tu. Akipanda kama walivyozoea, wimbo utakuwa wa wanawake juu ya wanawake, na nafasi ya Kataliko itabaki wazi mbele ya watu wote. Akishuka, watamsikia Kamyo.

Akashuka.

Sauti ikatoka nzima, ikatambaa chini ya viti, na watu wa tenori wakaiegemea bila kujua wanaegemea nini. Hakuna aliyegeuka. Gaëlle akapita polepole, analia na kucheka pamoja, na nyuma yake mashangazi wakaokota vikwembe vyao.

Wakati wa kula, Clovis akaja anapangusa uso kwa leso.

"Doudou, ile mashini yako! Leo imepita hata Kataliko. Tutatafuta ingine ya akiba."

Doudou akaitazama sahani yake, kisha akamtazama Domitille.

"Papa, sikuikanyaga hata kidogo. Kikwembe ya mama Mbuyi iliifunika."

"Sasa besi ilitoka wapi?"

"Uliza mama Domitille."

Mama Mbuyi, aliyekuwa akigawa bukari, akasimama na kijiko hewani. "Kumbe njo weye? Yee! Miye nilizani Kataliko amerudia, nikamuwekea nyama!"

Wakacheka. Domitille akangojea lile jina la zamani litoke katika kicheko. Halikutoka. Mbuyi akaichukua nyama ya Kataliko, akaiweka kwenye sahani ya Domitille.

"Lakini mama," Clovis akasema polepole, "kwa nini haukusemaka?"

Domitille akaweka sahani juu ya magoti. Akasema chini, pale sauti yake inapokaa:

"Papa Clovis, pedali ibakie ya gitaa. Miye nataka kusimama kule nyuma, na bababa ba besi."