Mtaa Uliorefuka

Fundi cherehani alikuwa akipindia suruali ya shule, barazani kwa muuza vifungo, mlango mpya ulipotokea mwisho wa mtaa. Ulikuwa wa kijani, komeo upande wa kushoto.

"Shoga, umemaliza gora jingine?" aliuliza muuza vifungo.

"La khaki."

Fundi alivuka mpaka wa nchi miaka tisa iliyopita, cherehani kichwani, akakuta mtaa wenye maduka manne, mawili yamefungwa. Tangu hapo, kila alipomaliza gora la kitambaa, mtaa ulirefuka kwa mlango mmoja. Kinyozi alipata wake, mwokaji mikate wake, na vijana waliokuwa wakihama wakaanza kubaki. Fundi mwenyewe aliendelea kukaa barazani, kwa sababu fomu ya kuomba mlango ilitaka mwenyeji.

Ule wa kijani aliutamani. Ulipata mwanga wa asubuhi, mzuri kwa kutunga uzi.

Karani wa vibali alifika saa sita, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umechelewa," alijibu fundi.

"Mtaa wenu huu! Nimekuwa nikitembea tangu saa mbili."

Aliupima kwa futi kamba, akaandika urefu wake chini ya "Maendeleo". Kisha akafungua ukurasa wa "Wageni" na kuandika jina la fundi.

"Wewe naye," alisema muuza vifungo, "huu wa kijani si umwandikie mwenyewe? Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu amelima miaka tisa!"

Karani alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya.

"Jembe walisema," alijibu. "Shamba hawakulitaja."

Fundi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Karani akampigia muhuri wa kibali cha miezi sita. Kifungo cha mkono wa shati lake kilikuwa kikining'inia; fundi akakishona kabla hajaondoka.

Jumatatu shemeji yake karani alipewa mlango wa kijani. Alikuja kwa adabu kuagiza mapazia, na fundi akamshonea vizuri, pindo mara mbili, kama anayejishonea mwenyewe. Pazia la mwisho lilimaliza gora.

Muuza vifungo alichungulia mwisho wa mtaa.

"Umetokea mwingine, shoga."

"Wa rangi gani?"

"Buluu."

"Mwanga je?"

"Wa asubuhi."

Fundi alinyoosha mgongo, akafungua gora jipya.