Mishiri Iliyooshwa

Abdulkadir alikata utepe wa katoni kwa kisu, akaingiza mkono, akautoa. Vidoleni mwake ulining'inia ute wa kijani, na harufu ikatoka ikawazunguka watu waliosimama katika ua wa kiwanda cha kahawa. Hakuna aliyerudi nyuma. Wanawake waliokuwa wamejifunga leso safi ili waje kusikia habari njema walibaki wakiitazama katoni ile kama mtu anavyoutazama uso wa maiti anayemfahamu.

"Yote iko hivi," Abdulkadir alisema. "Kule uwanja wa ndege walifungua katoni tatu, hawakuendelea. Mkaguzi aliniuliza kama nimeleta mboga ama nimeleta uji."

Alikuwa mfanyabiashara wa Majengo, Nyeri, mtu aliyekuwa akinunua ngozi kabla ya kuanza kukusanya mboga kwa niaba ya kampuni moja ya Nairobi iliyozisafirisha Ulaya kwa ndege. Hakuwa na mazoea ya kupandisha sauti. Alijipangusa mkono kwa gazeti, kidole kimoja kimoja, kisha akauliza swali lililomleta.

"Nani aliitia maji?"

Ngatia alikuwa amesimama kando ya matangi ya kuchachushia kahawa, mahali alipozoea kusimama.

"Mimi," akasema.

Kwa zaidi ya miaka ishirini Ngatia alikuwa msimamizi wa maji katika kiwanda kile kilichoko nje kidogo ya Mukurweini. Alianza kazi kabla ya Uhuru, chini ya Mzungu aliyemfundisha kufungua na kufunga mifereji, naye akaipenda kazi ile kwa sababu moja: maji hayana upendeleo. Kahawa nzito huzama, nyepesi huelea, iwe ni ya chifu au ya mjane. Watu walipogombana juu ya ubora wa mavuno yao, Ngatia hakubishana nao. Aliifungulia kahawa mfereji, wakatazama wenyewe. Ndiyo maana neno lake lilikuwa na uzito. Mtu asiyesema uongo juu ya kahawa, watu waliwaza, atasemaje uongo juu ya jambo jingine?

Kisha miaka ya neema ikapita. Bei iliyokuwa imewajengea watu nyumba za mabati ilianguka, na ugonjwa wa matunda ya kahawa ukaja juu yake kama siafu juu ya jongoo. Redioni wakubwa walisema nchi haiwezi kusimama kwa mguu mmoja. Wakulima wapande vitu vingine vya kuuza ng'ambo. Ngatia alilipima jambo hilo akaona lina ukweli. Mche wa kahawa hukaa miaka mitatu kabla ya kuzaa. Mishiri, yale maharagwe yanayochumwa yakiwa maganda mabichi, membamba kama penseli, huanza kuchumwa kabla ya miezi miwili kwisha. Abdulkadir alipoleta mbegu, Ngatia ndiye aliyewaita majirani.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Sheria ilikataza kung'oa kahawa bila kibali. Ngatia aliwaonyesha njia: kahawa iliyozeeka huruhusiwa kukatwa ibaki kisiki, ili ichipue upya. Basi wakate, kisha wayavunje machipukizi kila yanapotokeza, na katikati ya visiki wapande mishiri. Afisa akiuliza, waseme kahawa inapumzika.

"Ikatwe yote?" aliuliza Kagure, mjane wa marehemu Ndungu, aliyekuwa wa rika moja na Ngatia.

"Shamba haliwezi kuwatumikia mabwana wawili, Mama Ngendo," Ngatia alimjibu.

Kagure aliikata yote, kwa panga aliloazima kwa Ngatia. Machipukizi yalipomchosha, alivimwagia visiki mafuta ya taa, vikafa kabisa.

Ngatia mwenyewe alikata nusu.

Hakulificha jambo hilo, wala hakulitangaza. Nusu ya chini ya shamba lake, iliyopakana na mto, aliiacha kwa sababu ilikuwa inazaa vizuri, na mtu mwenye akili hakati mti unaozaa. Hivyo ndivyo alivyojieleza kila alipopita pale.

Usiku wa kuamkia siku ya kuchuma, mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi maganda yalikuwa yamerukiwa na udongo mwekundu, na Abdulkadir alikuwa amewaonya kwamba mnunuzi hataki kuona hata chembe ya udongo. Wanawake walimgeukia Ngatia. Naye akafanya alilolijua kuliko yote: akafungua mfereji.

Ilikuwa nje ya msimu, kiwanda kilikuwa kimelala, na maji yaliposhuka katika njia zile tupu watu walichangamka. Mishiri iliteremka kwa makundi, ikajigeuza, ikaacha wekundu wake nyuma. Wanawake waliisukuma kwa mbao ndefu za kuoshea kahawa, wakaimba kama wanavyoimba msimu ukiwa umepamba moto. Kisha wakaitandaza juu ya vitanda vya waya, kivulini, na kuigeuza mpaka ikaonekana kavu kwa macho na kwa mkono. Iling'aa. Kagure aliokota ganda moja, akaliinua juu, akasema anamwonea huruma huyo Mzungu atakayelikata kwa kisu. Abdulatif, dereva wa Abdulkadir, alifika jioni akakuta katoni zimefungwa. Hakuuliza kitu.

"Kahawa ina ganda gumu, mzee," Abdulkadir alisema sasa. "Hii ni kitu hai. Inapumua. Maji yanaingia pale ulipoivunja kikonyo, ukiifunga ndani ya katoni inajipika yenyewe."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Sikujua kama duniani kuna mtu anaosha mishiri kwa mfereji wa kahawa."

Mwanamke mmoja alitaka kucheka, akajifunika mdomo kwa leso.

"Kampuni imesema nini?" Kagure aliuliza.

"Imesema haichukui tena kutoka huku. Msimu ujao tutazungumza."

"Msimu ujao tutakuwa tumekula nini?"

Abdulkadir aliitazama mikono yake, ingawa ilikwisha kuwa safi.

Mishiri haikuwa na habari ya mkaguzi. Iliendelea kuzaa. Isipochumwa kila baada ya siku mbili, maganda hukomaa na mmea huacha kutoa maua. Kwa hiyo waliendelea kuchuma. Ngatia na Kagure walijaza magunia mawili, wakaenda nayo soko la Karatina, wakayamwaga mbele ya muuzaji mmoja aitwaye Murugi, mwanamke mnene aliyesifika kwa kununua chochote.

Murugi alivunja ganda moja, akatafuta punje ndani yake, akakosa.

"Mmechuma hii kabla haijazaliwa," alisema. "Ni chakula ama ni nyasi?"

"Wazungu wanakula," Kagure akamwambia.

"Basi wapelekee Wazungu, nyanya. Hapa watu wanapika githeri, mahindi kwa maharagwe yaliyokomaa. Ukimwekea mwanamume hiki kitu kwenye sahani, atauliza kama ng'ombe amekosa majani."

Majirani wa Murugi waliangua kicheko. Ngatia alianza kueleza juu ya ubora, juu ya wembamba wa ganda, akajisikia anavyoongea, sauti ileile aliyoitumia penye mfereji, akanyamaza. Waliuacha mzigo kwa mwanamke mmoja aliyefuga ng'ombe wa maziwa, ambaye aliwashukuru kwa kumpunguzia kazi ya kukata majani.

Walirudi mpaka njia panda ya mashamba yao.

"Chifu ametangaza barazani," Kagure alisema. "Ijumaa afisa wa kahawa anapita kukagua visiki."

"Nimesikia."

"Vyako vitachipua, Baba Peterson. Ukiacha kuvivunja, vitachipua."

"Vitachipua."

"Na ile nusu ya mtoni haikuguswa kabisa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma alama ya mpaka. "Ulijua kitu gani ambacho mimi sikukijua?"

Ngatia alitafuta jibu kwa uaminifu, maana hakuwa na desturi ya kujibu ovyo. Hakukuwa na kitu alichokijua. Aliogopa tu, kama anavyoogopa mtu yeyote, kisha akaiita hofu yake akili na kuwauzia wengine ujasiri ambao yeye hakuwa nao. Lile alilokuwa na hakika nalo, maji, ndilo lililowaharibia mishiri. Na lile alilolitilia shaka hakumwambia mtu.

"Sikujua kitu," akasema.

Kagure aliitikia kwa kichwa, akashika njia yake.

Siku ya Alhamisi, Ngatia alikwenda Nyeri, akamkuta Abdulkadir dukani. Hakuomba kampuni ibadili neno. Aliuliza kama kuna mwingine. Abdulkadir alikuna kidevu, akasema yuko mnunuzi mdogo wa Nairobi, mtu mgumu, ambaye angekubali kutazama katoni moja. Moja tu, bila ahadi. Abdulatif angepita barabara ya juu Ijumaa asubuhi akielekea Nairobi. Kama ipo, ataichukua, kama haipo, hatangoja.

"Na isiwe ya kwako," Abdulkadir aliongeza. "Jina lako kule sasa hivi halifai. Iwe ya mtu mwingine."

Ijumaa, kulipopambazuka, Ngatia alifika shambani kwa Kagure akiwa na katoni tupu na kitambaa kikavu. Visiki vilisimama mistarini, vyeusi, bila chipukizi hata moja, na kati yake mishiri ilikuwa imefunga maganda mapya. Kagure alikuwa ameshainama.

"Usichume," Ngatia alimwambia.

"Lori litapita."

"Kuna umande. Angalia."

Kagure aliutazama mkono wake. Ulikuwa umelowa mpaka kwenye kifundo. Aliyaweka chini maganda aliyokwisha kuyachuma, mbali na katoni.

"Unakauka saa ngapi?"

Zamani angemtajia saa. "Sijui," akasema. "Jua likifika."

Walikaa kwenye ukingo wa tuta. Jua lilikuwa bado nyuma ya mlima. Kilele kilikuwa kimeanza kupata mwanga, lakini bondeni kulikuwa na ubaridi wa kijivu na kila jani lilibeba tone lake.

"Afisa akija," Ngatia alisema, "nitamwambia nilivikata mimi."

"Shamba lina jina la marehemu."

"Panga lilikuwa langu. Na shauri lilikuwa langu."

"Mafuta ya taa yalikuwa yangu." Kagure alivuta leso mabegani. "Hutayachukua hayo pia. Uniachie kitu kimoja."

Mbali, upande wa barabara ya juu, gari lilisikika likibadilisha gia kwenye kona. Lingeweza kuwa lori la Abdulatif. Lingeweza kuwa Landrova ya afisa. Mlio wake ulipotea nyuma ya kilima, ukatokea tena, karibu zaidi. Kagure aliinuka nusu, akamtazama Ngatia.

Ngatia alinyoosha mkono, akaligusa ganda lililokuwa karibu naye, akasugua kidole kwa dole gumba.

"Bado," akasema.

Kagure akakaa.